Lugha mpya: miezi mitatu, saa 600 au miaka mitano?

#1 Mwanagenzi
Wakuu, salaam. Huku unakuta tangazo la "zungumza lugha yoyote kwa siku 90", kule unakuta mtu kasoma Kifaransa shuleni miaka sita, akisemeshwa na Mfaransa anatoa macho. Nadai hivi, na mnipinge: kalenda haisemi kitu. Miezi na miaka ni hewa tupu. Kinachohesabika ni saa ulizokaa na lugha yenyewe, na kwa lugha ya kawaida ni saa 600. Mwenye hesabu nyingine aiweke hapa.

#2 Saa_Mkononi
Hiyo 600 umeinyofoa kwenye jedwali la zamani la FSI, taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani. Tuliweke lote basi. Kundi la kwanza: Kihispania, Kifaransa, Kireno, Kiitaliano na ndugu zao, wiki 24, saa 600. La pili: Kijerumani, Kiindonesia, Kimalei na Kiswahili chetu, wiki 36, saa 900. La tatu ndilo kubwa kuliko yote, humo wamo Kirusi, Kihindi, Kituruki, Kiamhari na wengine wengi: wiki 44, saa 1,100. La nne ni Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea: wiki 88, saa 2,200. Sasa "lugha ya kawaida" ni ipi hapo?

#3 Penseli_Nyekundu
Namba 2, karibu sawa. Kundi la kwanza linaanzia wiki 24 hadi 30, na Kifaransa na Kihispania vimewekwa kwenye 30, yaani saa 750. Halafu kila anayenukuu jedwali hilo husahau mambo yaleyale. Limepimwa kwa watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kiingereza. Saa zake ni za darasani peke yake: gawa 600 kwa wiki 24 unapata saa 25 kwa wiki, na juu ya hizo kuna kazi za nyumbani kila siku. Hata ukikadiria saa mbili tu kwa siku tano, wiki 24 zinaongeza saa 240. Mia sita imeshakuwa 840 na hatujatoka kundi la kwanza. Tena hao ni watu wazima wanaolipwa mshahara wajifunze, katika madarasa ya watu wachache.

La mwisho: lengo lao ni kiwango cha 3 kwenye ngazi ya 0 hadi 5. Hapo mtu anaweza kuendesha mkutano wa kazi. Kuagiza tiketi na kuulizia njia ni mapema zaidi sana.

#4 Kinyonga
Kwa hiyo Kiswahili ni kigumu sawa na Kijerumani? Hiyo chai.

#5 Bi_Ngeli
Kinyonga, kwa Mwingereza si chai. Urahisi anaupata mapema: kinasomeka kama kinavyoandikwa, hakina toni, mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho. Mwezi wa kwanza anafurahi. Kisha anagonga upatanisho: "kitabu changu kile kizuri kimepotea". Nomino moja imeburuta maneno manne nyuma yake, na akibadili kuwa "vitabu" lazima arudi abadili yote kabla hajameza mate. Kichwani anajua kanuni, mdomoni inatoka "vitabu yangu imepotea". Kosa la namna hiyo haliondoki kwa kuelezwa upya. Linaondoka kwa kuzungushwa: unachukua sentensi moja, unaipitisha ngeli zote kwa sauti, hadi kiambishi kitoke bila kuitwa.

Na kitenzi nacho: "hatutawaambia" kwake ni maneno matano au sita, kwetu ni moja. Sikio lake linatafuta mipaka ya maneno mahali ambapo haipo.

#6 Umbali_Ndiyo_Shida
Bi Ngeli kanipa njia. Muda unategemea umbali kati ya lugha unayotoka na unayokwenda, mengine ni vionjo. Mzungumzaji wa Kinyarwanda au Lingala akija kwenye Kiswahili hatishwi na ngeli, anazo kwao: umuntu/abantu, moto/bato, mtu/watu. Mkorea akienda Kijapani anakuta kitenzi kiko mwisho kama kwao, vijineno vya kuonyesha kazi ya nomino viko kama kwao, ngazi za heshima ziko kama kwao. Mchina akienda Kijapani anakuta sarufi ngeni kabisa, ila herufi nyingi tayari anazisoma. Watatu hao ukiwapa jedwali la namba 2 halina faida kwao.

Sisi je? Kijapani kina irabu tano, a-i-u-e-o, na silabi nyingi zinaishia kwa irabu. Matamshi mtu anayashika ndani ya wiki chache, shida ikabaki urefu wa irabu: obasan ni shangazi, obāsan ni bibi. Ukikata irabu umemfanya bibi kuwa shangazi. Lakini kuna kanji 2,136 za matumizi ya kawaida, na hapo irabu tano hazikusaidii kitu.

#7 Mwanagenzi
Na Kiarabu? Maneno si tunayo tayari?

#8 Umbali_Ndiyo_Shida
Tunayo, na ndiyo mtego wenyewe. Kitabu, wakati, dunia, sita, saba, tisa: maana unazipata bure. Ila Kiswahili kilipoyachukua kiliyakunja yaingie kwenye sauti zetu. H mbili za Kiarabu kwetu zimekuwa moja, s nyepesi na s nzito zimekuwa moja. Kwa hiyo unatamka kwa kujiamini na unakosea kwa kujiamini. Mfano unaojulikana na kila mwalimu: qalb ni moyo, kalb ni mbwa. Anayetamka q kama k anamwambia mpenzi wake "mbwa wangu".

Sarufi nayo haikusafiri na maneno. Sisi tumeona ki- mwanzoni mwa kitab tukadhani ni kiambishi chetu, tukapata vitabu. Waarabu wao husema kutub: wanabadilisha irabu katikati ya konsonanti. Mfumo huo wa mizizi ya konsonanti tatu unaanza kuusoma kutoka sifuri, hata kama maneno unayatambua.

#9 Hesabu_ya_Maneno
Umbali ni nusu ya habari. Kinachokula muda ni msamiati, na una hesabu zake. Mtafiti wa msamiati Paul Nation, mwaka 2006, alikadiria kwamba kusoma Kiingereza cha kawaida (riwaya, magazeti) bila msaada, ukielewa maneno 98 kati ya 100, unahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Kwa mazungumzo ni 6,000 hadi 7,000. Familia moja ni neno na watoto wake: andika, mwandishi, maandishi, andikwa.

Sasa piga. Maneno mapya 10 kwa siku bila kukosa ni 3,650 kwa mwaka, kama hakuna hata moja lililosahaulika. Yaani miaka miwili na ushee kufika 8,000 katika dunia ambayo haipo. Siku 90 zinakupa 900. Anayekwambia umeshajua lugha kwa maneno 900 anakuuzia kitu.

#10 Kinyonga
Wengi hapa mtandaoni wanaongea na maneno 900 na hakuna aliyewakamata 😂

#11 Penseli_Nyekundu
Namba 9, hesabu ni sahihi, ila "familia" ni kipimo cha Kiingereza. Kwa lugha za kuambishia familia hupanuka hadi inapasuka. Andika, andikia, andikisha, andikiana, uandishi, mwandiko, andiko... Anayejua mzizi na viambishi anabashiri nusu ya hizo bila kuzisoma. Kwa hiyo idadi hiyo usiibebe kama ilivyo ukaitua kwenye Kiswahili, Kizulu au Kituruki.

Pia kutambua neno na kulitoa mdomoni ni akaunti mbili tofauti. Karibu kila mtu akiba ya kutambua ni kubwa kuliko ya kutumia, hata kwa lugha yake ya kwanza. Ukiuliza "inachukua muda gani" bila kusema ni akaunti ipi, utapata majibu mawili ya kweli yanayopingana.

#12 Sikio
Wote mnaongelea macho. Tatizo la yule wa namba 1 anayetoa macho mbele ya Mfaransa ni masikio. Chukua mazungumzo ya maneno 150 kwa dakika. Ukielewa asilimia 95, unapitwa na maneno 7 au 8 kila dakika. Ukielewa 98, unapitwa na matatu. Kwenye maandishi unaweza kusimama kwa lile moja usilolijua, ila sauti haikungoji: ukisimama kufikiria neno la tatu, la nne hadi la kumi yamepita, hata yale unayoyajua.

Na mengi yanayopita ni hayo unayoyajua. Kifaransa: "ils ont" ni wana, "ils sont" ni wao ni. Kwa maandishi hata mtoto anaona tofauti. Kwa sauti tofauti yote imebebwa na z dhidi ya s katikati, basi. Miaka sita ya kusoma ubaoni haijawahi kumfundisha mtu kuisikia.

#13 Mwanagenzi
Sikio, nimekusoma. Sasa dawa yake? Maana "sikiliza sana" kila mtu anasema.

#14 Sikio
"Sikiliza sana" ukiwa unaosha vyombo ni muziki. Dawa ni imla, ile ya zamani, ila kwa utaratibu:

Tafuta sauti ya mtu anayeongea kawaida, yenye maandishi yake kamili pembeni. Kata sekunde 60, si zaidi. Isikilize mara tatu mfululizo bila kusimamisha na bila kuandika, ujue tu inahusu nini. Kisha sentensi kwa sentensi, andika unachosikia, hata kama ni upuuzi. Usiache pengo: andika sauti kama ulivyoisikia. Sentensi moja isizidi marudio matano. Ndipo ufungue maandishi na ulinganishe kwa kalamu ya rangi nyingine.

Kazi yenyewe inaanza hapo. Kila kosa lipe herufi. M: neno nilikuwa silijui. S: nalijua kwa macho, sikulitambua kwa sauti. U: maneno mawili yameungana nikasikia moja, au moja nikalikata mawili. Ukimaliza hesabu. Kama M ndizo nyingi, sauti hiyo ni ngumu kwako, shuka ngazi, au rudi kwenye msamiati. Kama S na U ndizo nyingi, uko mahali pake: rudia kipande hichohicho kesho bila kuandika, ukiongea juu ya msemaji, nyuma yake kwa nusu sekunde. Dakika moja ya sauti itakula dakika 25 hadi 30 mwanzoni. Watu huacha wiki ya pili kwa sababu inaonekana kazi kubwa kwa sekunde 60. Lakini S zikianza kupungua, zinapungua na kwenye sauti ambazo hujawahi kuzigusa.

#15 Kadi_Ruba
Nakazia namba 14. Narudi kwa namba 9: "kama hakuna lililosahaulika" ndiyo sentensi nzito kuliko zote kwenye uzi huu. Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885, akijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, kwamba usahaulifu hushuka kwa kasi saa za mwanzo kisha hutulia. Kwa hiyo marudio yanafaa yawe karibu karibu mwanzo, halafu yaachane. Sebastian Leitner akaifanya kuwa visanduku miaka ya 1970: kadi ukiipata inasogea kisanduku cha mbele kinachofunguliwa kwa nadra, ukiikosa inarudi cha kwanza. Programu kama Anki zinafanya hilohilo kwa hesabu.

Kwa vipimo: kadi mpya 20 kwa siku zikitulia huzaa marudio kama 150 hadi 200 kwa siku. Kwa sekunde 8 kila kadi, hiyo ni dakika 20 hadi 27. Wengi hawajui deni hilo. Wanaanza na kadi mpya 50 kwa sababu wiki ya kwanza ni rahisi, wiki ya nne wanakuta marudio 400, wanakosa siku tatu, wanafungua wanakuta 1,200, wanafuta programu. Ukifika hapo: kadi mpya weka sifuri, lipa rundo kidogo kidogo kwa idadi ya kila siku, likiisha anza tena na 5 au 10.

#16 Bi_Ngeli
Na kadi zenyewe huandikwa vibaya. Neno peke yake upande huu, tafsiri upande ule. Matokeo yake unajifunza kadi, hujifunzi neno. Weka sentensi fupi, ficha neno moja, weka sauti. Na usijifunze siku moja maneno yanayofanana au yanayopingana: kushoto na kulia, kukopa na kukopesha, majina ya rangi zote kwa mkupuo. Vitabu vingi hupanga hivyo kwa sababu ukurasa unapendeza, na ndiyo chanzo cha watu kujua kwamba neno ni "ama kushoto ama kulia" na kubaki hapo miaka. Jifunze moja hadi likae, jingine lije wiki mbili baadaye.

Kichina kwa wale wa toni: mǎi ni kununua, mài ni kuuza. Zikiingia siku moja, hutoki salama.

#17 Kadi_Ruba
Kweli kabisa. Na ndiyo asili ya jina langu: kadi inayoshindikana mara nane Anki huiita ruba, maana inanyonya muda. Usipambane nayo. Ifute, uiandike upya kwa sentensi nyingine.

#18 Kinyonga
Mtu kajiita jina la kadi iliyoshindikana mara nane. Uzi huu una watu.

#19 Maji_ya_Mdomo
Naona mmepanga kadi na imla kama ghala. Kuongea je? Kuna ugomvi wa zamani hapa. Mtaalamu wa lugha Stephen Krashen alishikilia kwamba lugha huingia kwa kuelewa unachosikia na kusoma, kilicho juu kidogo ya kiwango chako, na kuongea huja kwenyewe. Merrill Swain akaja mwaka 1985 na watoto wa Kanada waliosoma masomo yao kwa Kifaransa miaka kadhaa: kuelewa walikuwa karibu na wazawa, lakini kuongea na kuandika kulibaki nyuma. Hoja yake ni kwamba ukielewa unaweza kuruka sarufi, maana inakufikia hata bila kugusa viambishi. Ukitunga sentensi hauna pa kuruka.

Kwa hiyo anayesubiri "nikielewa vyote ndipo niongee" anajiongezea miaka. Zoezi moja: chagua mada, iongelee dakika nne. Pumzika, iongelee tena ileile dakika tatu. Kisha dakika mbili. Yaliyomo ni yaleyale, muda unabanwa, ulimi unalazimika kuacha kutafuta. Ukibadili mada kila raundi umeharibu zoezi, unarudi kutafuta maneno badala ya kukaza yaliyopo.

#20 Penseli_Nyekundu
Kuongea nako si dawa ya kila kitu. Richard Schmidt alimfuatilia Mjapani mmoja msanii aliyehamia Hawaii, akachapisha mwaka 1983. Alimwita Wes. Miaka mitatu kati ya wazungumzaji wa Kiingereza, mchangamfu, anaeleweka, anapendwa, mazungumzo yamekua sana. Sarufi yake ilikuwa karibu palepale: alama za wingi na wakati uliopita aliendelea kuziacha mara nyingi. Ukieleweka bila kiambishi, kiambishi kinakosa kazi, na kosa linakauka kama saruji. Namba 1 anasema saa ndizo kila kitu. Wes alikuwa na saa kuliko mwanafunzi yeyote wa FSI.

#21 Saa_Mkononi
Saa za Wes zilikuwa za kueleweka. Hazikuwa za kusahihishwa. Hilo haliui hoja ya saa, linauliza ni saa za nini.

#22 Umbali_Ndiyo_Shida
Au Kijapani hakidai alama ya wingi kwenye nomino, kwa hiyo Wes hakuwa na ndoana ya kuitundika ile -s. Umbali huohuo.

#23 Maji_ya_Mdomo
Umbali unaelezea wingi. Wakati uliopita Kijapani kinao.

#24 Mchelewaji
Samahani kuingia kati. Mbona hamjataja umri? Mtoto hujifunza kwa miezi, mtu mzima miaka. Ubongo umefunga.

#25 Penseli_Nyekundu
Mchelewaji, karibu. Hapo kuna mambo mawili yamefungwa kamba moja: kasi na mwisho wa safari. Kwa kasi ya mwanzo mtoto hushindwa. Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle mwaka 1978 waliwafuatilia wazungumzaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi hukohuko Uholanzi, wa umri mbalimbali. Miezi ya mwanzo vijana wa miaka 12 hadi 15 na watu wazima ndio waliotangulia, wadogo walikuwa nyuma. Kwa mwisho wa safari mtoto hushinda, hasa lafudhi.

Mwaka 2018 Hartshorne na wenzake walichambua majibu ya watu karibu 670,000 waliofanya jaribio la sarufi ya Kiingereza mtandaoni. Makadirio yao: uwezo wa kunasa sarufi hubaki juu hadi karibu miaka 17.4 kisha hushuka. Hiyo ni sarufi ya Kiingereza, kwa wanaotaka kufanana na mzawa. Kufika B2 hakudai ufanane na mzawa.

#26 Saa_Mkononi
Tena mtoto tumpigie saa vizuri. Akisikia lugha saa 10 kwa siku, akifika miaka mitano ana saa 18,250. Na kwa saa zote hizo hajui kuandika barua ya kuomba kazi.

#27 Mchelewaji
Shukrani wakuu, nimepata tumaini. Hiyo B2 ni nini?

#28 Bi_Ngeli
Ni ngazi za Ulaya, zilizochapishwa 2001: A1, A2, B1, B2, C1, C2. A ni kujikimu, B ni kujitegemea, C ni umahiri. Cambridge kwa Kiingereza hukadiria saa za kuongozwa na mwalimu, zote ukihesabu tangu sifuri: A2 ni 180 hadi 200, B1 ni 350 hadi 400, B2 ni 500 hadi 600, C1 ni 700 hadi 800, C2 ni 1,000 hadi 1,200. Saa zako za peke yako ziko juu ya hizo.

#29 Hesabu_ya_Maneno
Na ukizisoma hizo unadhani kila ngazi ni hatua zinazolingana, saa mia mbili mia mbili. Basi kwa nini karibu kila mtu hukwama B1? Kwa sababu ya mgawanyo wa maneno. Kwa kanuni ya Zipf ya mara ngapi maneno hutokea, kwa kukadiria, neno la nafasi ya 100 kwa wingi wa matumizi hutokea mara moja kila maneno 1,000. La nafasi ya 5,000 hutokea mara moja kila maneno 50,000. Tuseme neno linahitaji kukutana nalo mara kumi likae. La kwanza unalimaliza kwa maneno 10,000, kitabu chembamba. La pili linadai maneno 500,000. Kwa kasi ya mwanafunzi, maneno 100 kwa dakika, hizo ni dakika 5,000, saa 83 za kusoma tu. Mtu yuko palepale anafanya bidii ileile, lakini kila neno jipya limekuwa adimu kuliko la jana. Anajiona kapungukiwa akili.

#30 Kadi_Ruba
Ndiyo maana kadi. Neno adimu unalileta wewe mara kumi badala ya kulisubiri barabarani.

#31 Hesabu_ya_Maneno
Au ubane mada. Makala ishirini kuhusu jambo moja, iwe mpira au magonjwa ya moyo: neno lililo adimu katika lugha nzima humo ndani linarudi kila ukurasa. Zipf anahesabu lugha yote, na hakuna anayesoma lugha yote. Ila usibane miezi sita, utatoka mtaalamu wa moyo usiyejua kuomba ufagio.

#32 Kinyonga
Kuna lugha yoyote ya kutengenezwa kiwandani isiyo na haya matatizo?

#33 Penseli_Nyekundu
Kiesperanto, Zamenhof aliitoa 1887 ikiwa na kanuni 16. Vitenzi havina wakorofi, kila nomino inaishia na -o. Sarufi ya msingi unaimaliza kwa siku chache. Mizizi yake mingi imetoka lugha za Ulaya, kwa hiyo umbali wa Umbali unarudi mlango wa nyuma.

#34 Umbali_Ndiyo_Shida
Asante kwa kukiri.

#35 Mwanagenzi
Niliingia na 600, nabaki na maswali mengi kuliko niliyokuja nayo. Nipeni la mkononi. Mtu ana saa moja kwa siku, hana mwalimu, anataka B1 ya lugha isiyo jirani. Anaigawaje?

#36 Sikio
Miezi miwili ya mwanzo: dakika 20 kadi (mpya zisizidi 10), 25 imla na kurudia nyuma ya msemaji, 15 kusoma maandishi yaliyorahisishwa kwa ngazi yake, 10 kuongea peke yake kwa 4-3-2 iliyofupishwa (zoezi la namba 19) na kujirekodi. Wiki mara moja ampe mzungumzaji mzuri hiyo rekodi amwonyeshe makosa matatu tu, si yote. Makosa ishirini hayasahihishiki, matatu yanashikika. Mwezi wa tatu apunguze kadi, aongeze kusoma.

#37 Kinyonga
20+25+15+10 ni 70. Saa ya huko kwako ina dakika ngapi?

#38 Sikio
Zile 10 za kuongea peke yake ni za njiani, hazihesabiki.

#39 Saa_Mkononi
Zinahesabika. Dakika 10 kwa siku ni saa 60 na ushee kwa mwaka.